Inchi 75, inchi 65 au OLED ya mtumba? Jibu kwa msomaji wa Tanga

Swali: "Kaka, salaam. Niko Tanga mjini. Tunataka kuachana na TV yetu ya inchi 32 tununue kubwa, bajeti ni milioni mbili na haiongezeki. Sebule yetu ni mita nne kwa tano. Kochi kubwa liko kama mita tatu kutoka ukuta wa TV, na ukuta unaotazamana na TV una madirisha mawili. Mume wangu ni mtu wa mpira, king'amuzi ni cha Azam. Mimi na mama mkwe ni tamthilia na taarifa ya habari. Watoto watatu ni YouTube mchana kutwa. Mama ana kiti chake pembeni karibu na mlango. Nimepata tatu zinazoingia kwenye bajeti: inchi 75 dabo glasi ya jina nisilolijua, inchi 65 ya 4K ya kampuni inayojulikana, na inchi 55 OLED used kutoka Ulaya. Shemeji yangu aliyeko Marekani naye anasema tusubiri, atatuletea ya huko. Tuchukue ipi?"

Dada yangu, salaam, na mama mfikishie shikamoo yangu. Nakupa jibu kwanza, sababu zitafuata: chukua ya inchi 65. Lakini usiilipie kabla hujaiona ikiwaka kwa picha uliyokwenda nayo wewe mwenyewe, na usimalize milioni mbili yote kwenye TV. Bakisha laki mbili, hata mbili na nusu, kwa ajili ya kinga ya umeme, stendi ya ukutani na mapazia. Nikifika huko utaona kwa nini pazia limeingia kwenye hesabu ya TV.

Wateja wengi huanza na jina la kampuni au ukubwa. Mimi huuliza kwanza hiyo TV itaonyesha nini. Chaneli nyingi za kawaida kwenye ving'amuzi vyetu bado zinarushwa kwa ubora wa zamani, yaani picha ya nukta (vidoti vidogo vinavyojenga picha) 720 kwa 576. Chaneli ya HD iliyokamilika ina nukta 1920 kwa 1080. Kioo cha 4K kina nukta 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane kwa jumla. Ukigawanya utaona kwamba kila nukta moja ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku inabidi ijaze nafasi ya nukta 20 kwenye kioo kipya. Hizo 19 za ziada hakuna aliyezirusha. TV ndiyo inayozikisia, kwa prosesa yake, ile kompyuta ndogo iliyo ndani, mara 50 kila sekunde.

Hapo ndipo TV nzuri na TV dhaifu zinapoachana, na hapo ndipo karatasi iliyobandikwa kwenye boksi haikusaidii kitu. Prosesa nzuri inakisia kingo za herufi, mikunjo ya uso, nyuzi za wavu wa goli. Prosesa dhaifu inasawazisha kila kitu: mtangazaji anakuwa na uso usio na mistari, maandishi yanayopita chini yanapata ukungu pembeni, na uwanja wa mpira unageuka zulia moja la kijani ambalo mpira unapotea ukipigwa mbali. Inchi 32 yenu imekuwa ikiwafichia kasoro hizi kwa sababu ni ndogo. Kioo kikubwa hakifichi. Ndiyo maana familia nyingi hununua TV kubwa kisha zikalalamika kwamba ile ndogo ilikuwa na picha safi zaidi. Na hawajakosea, wanasema wanachokiona.

Sasa umbali. TV hupimwa kona kwa kona, na inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo inchi 65 ni sentimita 165 za mshazari. Kanuni inayotumika sana ni kukaa umbali wa mara 1.2 hadi 1.6 ya mshazari huo, kwenu ikiwa ni mita 2 hadi 2.6. Kochi liko mita tatu, mbali kidogo tu ya hapo, na kwa picha za king'amuzi hiyo mita tatu ni nzuri kwa sababu inapunguza ukali wa kasoro nilizozitaja. Kwa umbali peke yake hata inchi 75 isingekuwa kubwa mno. Inchi 55 ingetosha, ila mume wako angetamani kusogeza kochi kila siku ya mechi.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kwa macho ya kawaida, kwenye kioo cha inchi 65, mtu akiwa mbali kupita mita 2.6 hivi hawezi tena kutofautisha picha ya 4K na ya HD kamili. Jicho limefika mwisho wake. Ukikaa kwenye kochi lenu, wingi wa nukta si kitu tena cha kulipia zaidi. TV zote kubwa za maana siku hizi ni 4K, kwa hiyo utaipata tu, lakini isiwe sababu ya kuongeza hela, na anayekutajia 8K, yenye nukta nyingi zaidi ya hapo, mshukuru uendelee na safari. Kinachoonekana kutoka mita tatu ni vitu vingine: weusi unakuwa mweusi kweli au kijivu, rangi zinabaki au zinapauka ukikaa pembeni, na mpira unaacha mkia ukipigwa au hauachi.

Hapo pa pembeni ndipo kwa mama. Umenieleza kiti chake kiko karibu na mlango, na najua kiti cha mama mkwe hakihamishwi. TV za kawaida za LED zina vioo vya namna mbili kuu. VA ina weusi mzuri, tofauti ya mwanga na giza hufika mara 3,000 na zaidi, lakini ukitoka katikati rangi zinaanza kufifia. IPS weusi wake ni hafifu, kama mara 1,000 tu, ila ukikaa pembeni bado picha ni ileile. Chumba chenye taa zinazowaka jioni na madirisha mawili mchana hakikupi nafasi ya kufaidi ule weusi wa VA, wakati upana wa IPS mama ataufaidi kila siku. Kwa sebule yenu mimi ningeelekea IPS. Usimsumbue muuzaji kwa kumuuliza jina la kioo, mara nyingi hata yeye halijui, na kampuni moja inaweza kuweka kioo cha aina moja kwenye inchi 55 na cha aina nyingine kwenye inchi 65 za toleo hilohilo. Nenda kasimame mahali ambapo kiti cha mama kingekuwa. Uso wa mtu kwenye picha ukigeuka kijivu, jibu umelipata.

Madirisha ni kazi ya pazia. Mwanga unaotoka mbele ya TV unarudi kwenye kioo na kuja machoni kwenu, na hakuna TV ya milioni mbili yenye mwanga wa kushinda jua la Tanga saa nane mchana. Kama ukuta wa upande mwingine unaruhusu, hamishia TV huko ili madirisha yawe ubavuni mwake, na hilo ni bure kabisa. Kama haiwezekani, nunua mapazia mazito kwa yale madirisha mawili. Yatakuboreshea picha ya mchana kuliko kupanda daraja moja la bei.

Tuje kwenye hiyo ya inchi 75. Dabo glasi ina faida moja ya kweli na sitaidharau: kioo cha pili kigumu mbele ya kioo chenyewe kinazuia mpira, rimoti na toi la mtoto. Wenye watoto wadogo huzinunua kwa sababu hiyo, na wana haki. Lakini kioo hicho ni kioo kwelikweli. Kinaakisi, na wewe una madirisha mawili yanayoitazama TV moja kwa moja, kwa hiyo mchana watoto watajiona wenyewe kabla ya kuona katuni. Pia kinaongeza uzito, na stendi ya ukutani inabidi iwe ya kuubeba.

Halafu kuna mambo ya kuhakikisha kwenye TV yoyote ya jina geni. Kwanza chukua futi ya fundi, pima kioo chenyewe kona kwa kona bila fremu. Inchi 75 ya kweli ni sentimita 190 na nusu. Ukikuta 180, hiyo ni inchi 71 na bei yake iwe ya inchi 71. Pili, neno 4K kwenye boksi linaweza kuwa na maana kwamba TV inapokea video za 4K, halafu kioo chenyewe ni cha nukta chache zaidi. Mwambie muuzaji akuonyeshe kwenye karatasi ya sifa namba 3840 kwa 2160 ikiwa imeandikwa kama nukta za kioo. Tatu, TV nyingi za namna hii zina Android isiyo na leseni ya Google wala ya Netflix. Netflix inaweza kufunguka, lakini itakupa picha ya kiwango cha chini kwenye kioo cha inchi 75, na baada ya mwaka mmoja au miwili programu zinaanza kugoma kusasishwa. Sina ugomvi na majina mageni, yapo yanayojitahidi. Ila prosesa ndiyo sehemu wanayobana gharama kwanza, na nyinyi ni watu wa king'amuzi, mnaiegemea prosesa kuliko mtu anayeangalia filamu za intaneti peke yake.

OLED ya mtumba inanipa taabu kuikataa, kwa sababu OLED ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote. Kila nukta inatoa mwanga wake na kujizima yenyewe, kwa hiyo usiku kwenye picha ni usiku, na ukikaa pembeni hakuna kinachobadilika. Mama angeifurahia. Tatizo ni kwamba nukta hizo huchoka kwa kutumika, na zile zinazoonyesha kitu kilekile kila siku huchoka kabla ya wenzake. Nembo ya chaneli kwenye kona, ubao wa magoli, mstari wa habari chini: vyote hivyo vinaweza kuacha alama isiyofutika. TV iliyotoka nyumbani kwa mtu Ulaya imeshatumika saa nyingi usizozijua, na inakuja kwenye nyumba yenye taarifa ya habari, mpira na YouTube mchana kutwa. Kama roho haitulii bila kuiona, weka picha ya kijivu kitupu ijaze kioo chote, kisha nyekundu tupu, taa za duka zizimwe kama inawezekana. Alama za nembo zitajionyesha zenyewe. Hata ikiwa safi leo, kioo cha OLED kikiharibika bei yake inakaribia ya TV nyingine, na dhamana yake ilibaki huko ilikotoka.

Ya shemeji ifuteni kwa upole. TV nyingi zinazouzwa Marekani zimetengenezwa kwa umeme wa volti 120, wakati wetu ni 230. Ukiichomeka bila transfoma ya kupunguza, unaweza kuipoteza sekunde ileile. Kitafuta-chaneli chake cha ndani ni cha mfumo wa kule, ATSC, hakishiki matangazo yetu ya antena ya DVB-T2. Baadhi yake pia hazipokei vizuri picha za mara 50 kwa sekunde zinazotoka kwenye ving'amuzi vyetu, kwa sababu kule kwao ni 60. Na hata kabla ya hayo, mzigo wa kawaida wa ndege una kikomo cha sentimita 158 ukijumlisha urefu, upana na kimo, huku boksi la inchi 55 tu likikaribia mara moja na nusu ya hapo. Mwambieni alete sauti nzuri ya kuunganisha na TV, mradi nyuma yake imeandikwa inakubali volti 100 hadi 240.

Basi tubaki na inchi 65 ya kampuni inayojulikana. Unakwendaje kuinunua?

Nenda na flashi. Mwambie kijana yeyote wa mtaani akuwekee vipande vitatu vifupi: dakika chache za mechi ya Ligi Kuu kwa ubora wa chini kama unavyoipata nyumbani, kipande cha tamthilia chenye matukio ya usiku, na picha ya kijivu kitupu. Dukani utakuta TV inacheza video ya maua na samaki wa rangi iliyotengenezwa maalumu ili kila TV ipendeze, na mipangilio yake imewekwa ya duka: mwanga mwisho, rangi mwisho. Mwombe atoe hali hiyo aweke ya nyumbani, kisha achague picha iliyoandikwa Standard au Movie. Ndipo uchomeke flashi yako.

Kwenye mpira angalia pale kamera inapokimbia na winga kutoka katikati kwenda kwenye kona. Usimtazame mchezaji, tazama nyasi na mistari myeupe. Mistari ikikatikakatika au namba za jezi zikivutika, hiyo ndiyo picha mtakayoishi nayo kila wikiendi. Angalia pia kama uwanja una mabaka ya wima yenye giza kidogo, kama kioo kimechafuka kwa ndani. Hayo yanatokana na taa za nyuma zisizo sawa, na picha ya kijivu itayathibitisha. Mabaka kidogo sana kwenye kona huvumilika. Yakiwa katikati, omba boksi jingine. Kwenye tamthilia ya usiku angalia kama nguo nyeusi ya mtu bado ina mikunjo au imekuwa doa moja. Kisha nenda kasimame upande wa mama. Muuzaji anayekataa haya yote kwa TV ya zaidi ya milioni moja na nusu, muage vizuri uende duka la pili.

Namba nyingine kwenye boksi zisikuchoshe. Ukiona 200 au 400 kama kasi ya picha, uliza kasi halisi ya kioo. Itakuwa mara 60 au 120 kwa sekunde, na kwa bajeti yenu karibu zote ni 60, inatosha. HDR, yaani picha yenye mwanga mkali na giza zito kuliko kawaida, nayo imeandikwa kila mahali, lakini kioo chenye mwanga wa niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 250 au 300, kama zilivyo nyingi za bei hii, kinaipokea tu bila uwezo wa kuionyesha. QLED ni kioo kilekile cha LED kilichoongezewa utando wa kukoleza rangi. Tofauti ya bei ikiwa ndogo ichukue, ikiwa kubwa iache.

Jaribu na rimoti pia: fungua YouTube, toka, ingia Netflix, rudi kwenye king'amuzi. Ikisitasita dukani ikiwa mpya, nyumbani baada ya miezi sita itawakera. Kama kuna programu mnayoitegemea, aifungue mbele yako, usikubali ahadi ya kwamba utaipakua nyumbani, maana TV zinazoendeshwa na mifumo mingine kama Tizen, webOS na VIDAA hazipokei programu za Android. Na kwa kuwa watoto ni YouTube mchana kutwa, angalieni ni intaneti gani mnayotumia. Kama ni bando la simu, weka picha isizidi HD. Netflix wenyewe wanakadiria 4K inaweza kula hadi GB 7 kwa saa moja, na HD hadi GB 3. Kutoka kwenye kochi lenu, kama nilivyosema, hizo GB 4 za ziada hakuna anayeziona.

Sasa umeme, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine pote. TV nyingi zinazoletwa mezani kwetu mafundi hazikufa kwa uzee. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena, ukarudi, na katika kurudi kule kitu kikaungua kwenye bodi ya umeme. Nyuma ya TV nyingi za sasa pameandikwa volti 100 hadi 240, maana yake umeme mdogo haziuogopi sana. Zinachoogopa ni umeme kupanda ghafla. Nunua kile kifaa cha kulinda TV kinachokata umeme ukizidi au ukipungua kupita kiasi, na ambacho umeme ukirudi kinasubiri kwanza utulie ndipo kiruhusu upite. Soketi ndefu ya kawaida yenye taa nyekundu haifanyi kazi hiyo hata kidogo. Kama mtaa wenu umeme unapanda na kushuka kila siku, hapo ongeza stabilaiza yenye uwezo wa kutosha TV, king'amuzi na spika kwa pamoja. Muite pia fundi umeme aangalie kama nyumba ina ethi, ule waya wa kwenda ardhini, inayofanya kazi.

Na mvua za masika zikija na radi, kuzima ukutani hakutoshi. Radi huingia kwa waya wa dishi pia: inapita kwenye king'amuzi, inafuata waya wa HDMI, inaua tundu la HDMI au bodi nzima ya TV iliyokuwa imezimwa. Zoeza nyumba nzima kuchomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi wingu linapofunga. Hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kufundishwa.

Kitu kingine tunachokiona sana mezani ni TV yenye sauti bila picha. Taa ndogo za nyuma ya kioo zimeungua, na sababu mara nyingi ni kwamba ziliachwa zikiwaka kwa asilimia 100 tangu siku ya kwanza, kwenye chumba cha joto, TV ikiwa imebanwa ndani ya kabati. Kubadilisha taa hizo kunawezekana, lakini inabidi kioo chenyewe kitolewe, na kioo cha inchi 65 ni chembamba na kipana, kosa dogo la mkono linakimaliza. Kwa hiyo siku ileile ya kwanza shusha mwanga wa nyuma hadi 70 hivi, usiku hata 50. Acha nafasi ya hewa nyuma na juu. Kwetu pwani hewa ina chumvi na unyevu, TV iliyogandana na ukuta unaotoa maji huota kutu kwenye viunganishi.

Kushusha mwanga kutapunguza na Luku. Inchi 65 ya LED hula wati kama 120 hadi 150. Kwa saa tano kwa siku ni hadi robo tatu ya uniti, kwa mwezi uniti 22 au 23. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, ambapo elfu kumi inatoa uniti 28 hivi, ni kama shilingi elfu nane kwa mwezi. Watoto wakiifungulia mchana kutwa zidisha mara mbili. Kama nyumba yenu iko kwenye ule mpango wa watumiaji wadogo usiozidi uniti 75 kwa mwezi, kaa chini mpige hesabu vizuri, kwa sababu TV peke yake inaweza kuwasukuma nje ya mpango, na hapo bei ya kila uniti, hata ya friji na taa, inapanda.

Usafiri. Bei ya Kariakoo itakuvutia, najua, na huenda tofauti na maduka ya Ngamiani ikafika laki moja na kitu. Lakini TV hiyo itasafiri kilomita 350 hivi ndani ya buti la basi, na wapakiaji watailaza, kisha waweke juu yake gunia la mtu. Kioo kikubwa kinasafirishwa kikiwa kimesimama wima, hakilazwi. Kikipasuka humo hakuna dhamana inayokulipa. Mimi ningenunua Tanga hapohapo, nikodi kirikuu, boksi lisimame limeegemea godoro, watu wawili wakilishikilia hadi mlangoni. Mkiwa bado na lile boksi msilitupe mpaka dhamana iishe.

Kuhusu kuitundika, katikati ya kioo pawe usawa wa macho ya mtu aliyekaa, sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Najua wengi hutundika juu karibu na dari ili watoto wasifike, lakini shingo ya mama italipa. Afadhali stendi ya ukutani imara inayogeuka, ili jioni ya tamthilia mkiigeuza kidogo kuelekea mlangoni asihitaji kupinda. Nyuma ya TV kuna matundu manne ya skrubu. Pima umbali wake kabla ya kununua stendi, inchi 65 nyingi ni milimita 400 kwa 400 au 400 kwa 300. Kama mtaiweka mezani badala ya ukutani, pima umbali kati ya miguu yake miwili, maana kwa TV nyingi kubwa miguu iko mwishoni kabisa mwa kioo na kabati lenu la inchi 32 halitaifikia.

Sauti ya TV nyembamba ni ndogo. Sabufa mliyonayo itafaa, ila angalia matundu kabla: TV nyingi mpya hazina tena tundu la waya wa sabufa, zina la mwanga (optical) na HDMI tu. Bluetooth itaunganisha, lakini midomo na maneno vinaweza kupishana. Kigeuzi kidogo cha kutoka tundu la mwanga kwenda waya wa nyekundu na nyeupe kinamaliza tatizo. Na huo waya wa nyekundu, nyeupe na njano unaotoka kwenye king'amuzi kwenda TV yenu ya sasa achaneni nao. Tumia HDMI, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uweke 1080. Nimeingia kwenye nyumba nyingi zenye TV kubwa mpya ambazo bado zinaangalia mpira kupitia ule waya wa njano, na picha nzima inaharibika hapo.

Dukani dai risiti ya EFD yenye namba ya toleo la TV, na kadi ya dhamana yenye namba ya mashine inayolingana na ile iliyo nyuma ya TV yenyewe, si ya boksi pekee. Uliza dhamana inahudumiwa wapi. Kama jibu ni Dar es Salaam tu, uliza nani analipa usafiri wa kwenda na kurudi, na jibu liandikwe.

Hizo inchi 65 ulizoziona ukinitumia namba kamili za matoleo yake, zile ndefu zenye herufi na tarakimu zilizobandikwa nyuma, nitakuangalizia kioo chake ni cha aina gani na matundu yake ni yapi kabla hujarudi dukani.